Je, Wajua? Beseni, Shawa na Bahari

Muulize msafiri yeyote aliyeshuka kutoka meli kubwa ya kitalii, hatakosa kukutajia bafu la chumba chake: lilikuwa na shawa tu, au lilikuwa na beseni la kuogea, lile la kujilaza? Kwenye meli nyingi za leo chumba cha kawaida hupewa shawa, na beseni huwekewa waliolipa zaidi. Nyuma ya mpangilio huo kuna wafalme, marais, chumvi, marumaru na hesabu za maji zitakazokushangaza.

Watu 700, mabeseni mawili

Abiria wa daraja la tatu kwenye Titanic walikuwa wapatao 700, na mabeseni yao ya kuogea yalikuwa mawili tu: moja la wanaume, jingine la wanawake. Hata daraja la kwanza wenye bafu lao binafsi walikuwa wachache. Wengi walitoka chumbani na kwenda bafu la pamoja. Na hiyo ni meli iliyoondoka Southampton tarehe 10 Aprili 1912 ikiwa na bwawa la kuogelea na bafu za mvuke za Kituruki! Leo chumba cha bei ya chini kabisa, kile cha ndani kisicho na dirisha, kina choo, sinki na shawa yake. Kwa upande wa kuoga, mpangaji wa chumba hicho anawazidi matajiri wengi wa mwaka ule.

Archimedes na mabeseni ya shaba

Miaka zaidi ya 2,200 iliyopita, mfalme Hiero wa Pili wa Sirakusa, kisiwani Sisilia, aliunda meli yenye bafu lililokuwa na mabeseni matatu ya shaba na sinki la marumaru lenye kujaa karibu lita 200. Msimamizi wa kazi hiyo alikuwa Archimedes, mtaalamu yuleyule anayesimuliwa kwamba aligundua kanuni ya vitu kuelea akiwa anaoga. Meli iliitwa Syracusia. Ilikuwa na bustani, maktaba, mazizi ya farasi na hekalu la Aphrodite, na ilikuwa kubwa mno kwa bandari nyingi za wakati huo. Mwishowe Hiero alimpa meli hiyo Ptolemaio, mfalme wa Misri, nayo ikapewa jina la Alexandria. Basi mtu anayedhani starehe za melini zimeanza juzi amechelewa kwa karne ishirini na mbili.

Koki nne kwenye beseni moja

Mabeseni ya daraja la kwanza kwenye Queen Mary, iliyoanza safari zake mwaka 1936, yalikuwa na koki nne: maji matamu ya moto, maji matamu ya baridi, maji ya bahari ya moto, maji ya bahari ya baridi. Meli hiyo imetia nanga Long Beach, California, tangu 1967, na imegeuzwa hoteli. Anayelala humo bado anaweza kuziona koki hizo ukutani, kila moja na maandishi yake. Sababu yake ni rahisi. Maji matamu yalibebwa kwenye matangi na yalihesabiwa, ilhali bahari haikumdai mtu chochote.

Ndiyo maana kwenye meli za abiria za zamani palikuwa na mhudumu wa bafu. Yeye ndiye aliyempangia kila abiria saa yake ya kuoga, akajaza beseni maji ya bahari yaliyopashwa moto, akalaza ubao juu ya kingo za beseni na kuweka juu yake karai la maji matamu ya kujisuuzia, kisha akaenda kugonga mlango: bafu tayari. Ukichelewa, zamu inakwenda kwa mwingine.

Sabuni inayoelewana na chumvi

Sabuni ya kawaida haitoi povu kwenye maji ya bahari, lakini sabuni ya mafuta ya nazi hutoa. Madini ya kalsiamu na magnesiamu yaliyomo baharini hushikamana na sabuni nyingi na kuzigeuza utando mweupe unaong'ang'ania ngozi. Ile ya nazi huyeyuka vizuri zaidi na kulishinda tatizo hilo, ndiyo maana sabuni za mabaharia zilitengenezwa kwa mafuta hayo. Msomaji wa Pemba, Mafia au Lamu hahitaji maabara kulithibitisha: achukue kipande cha kila aina ashuke nacho ufukweni.

Marumaru iliyoilemea meli

Meli ya Kijerumani Imperator, iliyoanza safari mwaka 1913, ilijaa mapambo mazito kiasi kwamba ikawa inalala upande mmoja na kuchelewa kunyanyuka. Mafundi walikata mabomba yake ya moshi karibu mita tatu, wakaondoa marumaru za bafu za daraja la kwanza, wakaweka fanicha za fito mahali pa zile nzito, na kumwaga tani 2,000 za saruji chini kabisa ya meli ili itulie. Kisa hiki ndicho ninachokipenda kuliko vyote hapa, kwa sababu kinaonyesha wazi jambo ambalo abiria halioni: kilo moja iliyo juu melini ni tatizo kubwa kuliko kilo ileile iliyo chini, na vyumba vya kifahari hukaa juu. Baadaye Imperator ikawa mali ya Waingereza, ikaitwa Berengaria.

Beseni la tani moja la rais mteule

Mwaka 1909, William Howard Taft, rais mteule wa Marekani na mtu mnene kwelikweli, alisafiri kwenda kukagua ujenzi wa mfereji wa Panama kwa meli ya kivita USS North Carolina, na humo aliwekewa beseni maalumu lenye urefu wa mita 2.16, upana wa zaidi ya mita moja, na uzito wa tani nzima. Ipo picha maarufu ya wafanyakazi wanne, watu wazima, wamekaa ndani yake pamoja, na bado hawabanani.

Meli ya vita yenye beseni moja

Novemba 1943, vita vikiwa vimepamba moto, Rais Franklin Roosevelt alivuka Atlantiki kwa manowari USS Iowa na kushuka karibu na Oran, Algeria, akielekea kwenye mikutano ya Kairo na Tehran. Ndani ya manowari hiyo, iliyobeba mizinga mikubwa na maelfu ya mabaharia wanaooga kwa shawa, palifungwa beseni moja kwa ajili yake. Halikuwa anasa. Roosevelt aliugua polio mwaka 1921 na hakuweza kusimama bila msaada, na shawa humtaka mtu asimame. Beseni hilo lipo hadi leo. Iowa sasa ni makumbusho huko Los Angeles.

Hesabu ya ndoo

Beseni likijazwa kiasi cha kujilaza hula lita 150 hivi, yaani ndoo saba na nusu za lita 20. Shawa inayofuata kikomo kilichowekwa na sheria ya Marekani ya mwaka 1992, lita 9.5 hivi kwa dakika, hutumia chini ya ndoo mbili na nusu kwa dakika tano. Ungelazimika kukaa chini ya shawa hiyo zaidi ya robo saa ndipo ufikie beseni moja.

Sasa panda na hesabu hiyo ndani ya Icon of the Seas, meli iliyoanza kuchukua abiria mwaka 2024 na yenye vyumba 2,805. Kama kila chumba kingekuwa na beseni, na jioni moja wote wakaamua kujilaza, hapo ni tani 420 za maji zilizotawanyika kwenye sitaha za juu, na kila lita imetengenezwa na kupashwa moto. Hapo ndipo shawa iliposhinda, na ilistahili kushinda.

Wanamaji wa Marekani wana kanuni kali zaidi: lowa, funga maji, jipake sabuni, fungua, jisuuze, toka. Maji hayatiririki hata dakika mbili.

Maji ya kuoga yanatoka kwenye injini

Sehemu kubwa ya maji ya shawa melini ilikuwa bahari muda mfupi uliopita. Joto la injini, ambalo lingepotea bure, hutumika kuyachemsha maji ya bahari ndani ya chombo kilichonyonywa hewa. Kwa kuwa mgandamizo humo ni mdogo, maji huchemka kwa nyuzijoto 60 au chini ya hapo badala ya 100. Mvuke hukusanywa, chumvi huachwa nyuma, kisha maji huongezwa madini na klorini. Meli nyingine huyasukuma maji kwa nguvu kupitia utando wenye matundu madogo yasiyopitisha chumvi. Kazi hii husimamishwa meli ikiwa bandarini, kwa kuwa maji ya pale si safi, kwa hiyo unapoiona meli ya kitalii imefunga gati Mombasa au Zanzibar, abiria wake wanaoga maji yaliyotengenezwa ikiwa mbali na pwani.

Bafu huingia melini likiwa zima

Mafundi hawajengi bafu la meli kigae kwa kigae ndani ya chumba. Huko Piikkiö, Finland, kiwanda cha wajenzi wa meli wa Turku hutengeneza vyumba vizima nchi kavu, bafu likiwa tayari na choo, sinki, kioo na shawa, kisha kila chumba husukumwa ndani ya meli kwa ubavu na kuunganishwa na mabomba. Chumba kikiumbwa kwa kipimo kimoja mara maelfu, kila sentimita hulipiwa mara maelfu, na beseni linataka sentimita nyingi.

Pazia linalokufuata

Umewahi kuoga huku pazia la bafuni likikusogelea na kukugandia mwilini? Mwaka 2001 David Schmidt wa Chuo Kikuu cha Massachusetts alipewa tuzo ya Ig Nobel, ile inayoheshimu utafiti unaochekesha kwanza kisha ukafikirisha, kwa kueleza sehemu ya sababu. Hesabu za kompyuta zilimwonyesha kwamba matone ya shawa huzungusha hewa na kuunda kimbunga dhaifu kilicholala ubavu. Katikati yake mgandamizo hupungua, na pazia huvutwa ndani. Kwenye kibafu cha meli, ambako huna pa kukimbilia, mvuto huo umewakera abiria kwa miaka mingi. Meli nyingi mpya zimeweka milango ya kioo.

Familia moja, milango miwili

Meli za Disney, kuanzia Disney Magic ya mwaka 1998, zilifanya kinyume na wengine: vyumba vyao vingi vya kawaida vina beseni, na bafu limegawanywa mara mbili, upande mmoja choo na sinki, upande wa pili beseni, shawa na sinki jingine. Mama anamwogesha mtoto huku baba anapiga mswaki na hakuna anayegonga mlango. Aliyewahi kumwogesha mtoto wa miaka miwili chini ya shawa, katika chumba kinachoyumba, ataiona busara hiyo mara moja.

Wajapani huoga kabla ya kuoga

Diamond Princess, iliyoundwa Nagasaki na kukamilika mwaka 2004, ina bafu kubwa la pamoja la Kijapani liitwalo Izumi. Utaratibu ni uleule wa nchi kavu: kwanza unajisugua na kujisuuza mpaka utakate, ndipo unaingia kwenye maji ya moto kupumzika. Maji ya beseni hayaondoi uchafu, ni ya kustarehe tu, hivyo yanaweza kutumiwa na wengi.

Beseni lililokaa na joto siku nyingi

Oktoba 2024 kituo cha Marekani cha kudhibiti magonjwa, CDC, kilitangaza kwamba abiria 12 wa meli mbili waliugua nimonia inayoletwa na bakteria wa Legionella kati ya Novemba 2022 na Juni 2024, na uchunguzi ukaelekea kwenye majakuzi binafsi yaliyokuwa kwenye baraza za vyumba. Vipasha joto vyake viliyaweka maji katika uvuguvugu wanaoupenda bakteria hao kwa siku kadhaa, bila kumwagwa wala kutiwa dawa ya kutosha. Uzuri wa beseni la kawaida la chumbani ni kwamba ukimaliza, unachomoa kizibo na maji yanakwenda.

Yanakwenda wapi?

Ripoti ya mwaka 2008 ya shirika la mazingira la Marekani ilikadiria kwamba kila mtu kwenye meli ya kitalii huzalisha karibu lita 250 za majitaka kwa siku yanayotoka kwenye shawa, masinki, dobi na jikoni, bila kuhesabu ya chooni. Mkataba wa kimataifa wa MARPOL una kanuni za maji ya chooni, lakini haya mengine hayamo katika kanuni hizo. Alaska imejiwekea sheria zake kali. Mataifa ya pwani yetu, ambayo matumbawe yake ndiyo huleta hao watalii, yana kila sababu ya kuifuata Alaska.

Na wewe uchague lipi?

Mimi nasema shawa, kwa nafasi, kwa maji na kwa usalama bahari inapochafuka. Beseni lichukue ukiwa na watoto wadogo, au ukiwa na mwili unaohitaji kulowekwa ili maumivu yapungue. Ukisafiri na mzee, usiamini picha za tangazo: muulize wakala ukingo wa beseni una kimo gani, na kama kuna chumba chenye shawa isiyo na kizingiti, yenye kiti na vishikio ukutani. Vyumba hivyo huwa vichache katika kila meli na hujaa mapema, kwa hiyo piga simu kabla hujalipa.