Sportster ya Zamani au ya Sasa? Tutazame Kabla ya Kulipa



Baadhi ya vijana wetu hapa Uingereza, na hata wazee wachache ambao watoto wao wamekwisha kujitegemea, wameingiwa na hamu ya pikipiki kubwa za Kimarekani. Mojawapo ni Harley-Davidson Sportster. Kwa kuwa jina lake ni lile lile tangu mwaka 1957, mnunuzi hudhani kwamba ya zamani na ya sasa zinapishana kwa bei na rangi tu. Sivyo hata kidogo.

Tuanzie 1986, maana za kabla ya hapo ni za mafundi na watu wenye subira. Mwaka huo ilitiwa injini iitwayo Evolution, yenye silinda 2 zinazopozwa kwa upepo. Ni injini madhubuti, na vali zake hujirekebisha zenyewe kwa nguvu ya oili. Gia zilikuwa 4 hadi 1991 zilipofanywa 5. Na kufikia 1993 zote zilikuwa zimeacha mnyororo na kutumia mkanda, ambao hauhitaji kupakwa mafuta. Basi ukionyeshwa ya 1989 na ya 1995 kwa bei zinazokaribiana, na hali zao ni sawa, usisite kuchukua ya pili.

Lakini katika zote hizo, mpaka za 2003, injini imefungwa moja kwa moja kwenye fremu. Mjini hutaona tabu. Ukishika barabara kuu kutoka London hadi Birmingham, utafika mikono imekufa ganzi. Mwaka 2004 injini iliwekwa juu ya mipira. Mtetemo ukapungua sana, uzito nao ukaongezeka. Mwaka 2007 kabureta ikaondolewa, petroli ikawa inanyunyizwa kwa mfumo wa elektroniki, na asubuhi za baridi hakuna tena kuvuta choki.

Mwaka huo wa 2007 unawahusu mno walioko London. Eneo la ULEZ lilipanuliwa Agosti 2023 likaingiza wilaya zote za jiji, na pikipiki isiyofikia kiwango cha Euro 3 hutozwa pauni 12.50 kwa kila siku inapotembea. Kwa kawaida zinazofikia kiwango hicho ni zilizosajiliwa kuanzia Julai 2007. Piga hesabu: siku 5 kwa juma, majuma 48 ya kazi, ni pauni 3,000 kwa mwaka! Rahisi hiyo imekuwa ghali. Ingiza namba ya pikipiki katika ukurasa wa Transport for London kabla hujatoa hata arubuni.

Injini ya upepo iliondolewa katika soko la Ulaya mwishoni mwa 2020. Sportster S iliyotoka 2021 ni kiumbe kingine: sentimita za ujazo 1,252, hupozwa kwa maji, nguvu farasi 121. Kijana mwenye leseni ya A2 haruhusiwi kuiendesha, hata ikipunguzwa nguvu. Ilitoka kiwandani na kiti cha mtu mmoja, na fundi wa mtaani mwenye spana tupu hataiweza.

Kwangu mimi, afadhali za kati ya 2007 na 2020, hasa zile za kuanzia 2014 zilizofungwa breki za ABS. Tena bei yake humwezesha mtu kulipa taslimu, akaepukana na mkopo wa riba.

Unapokwenda kuitazama, mwambie muuzaji asiiwashe kabla hujafika, kwani injini ya moto huficha ubovu. Chungulia oili inayovuja juu ya silinda, na ukague mkanda kama una nyufa au tundu la kokoto. Historia ya MOT husomwa bure kwenye intaneti. Kumbuka pia kwamba kitabu cha usajili, V5C, humtaja mtunzaji tu, si mwenye mali. Lipia uchunguzi wa madeni usije ukagombana na mkopeshaji.

Na ukinuia kumpakia mama watoto, buibui lisining'inie karibu na gurudumu wala mkanda. Avae suruali pana ya kitambaa kizito chini ya koti refu lililofungwa vema, na mtandio mwembamba ndani ya helmeti, kwa maana mnene huifanya helmeti isikae sawasawa.