Mwalimu, unaamini nini juu ya mtoto wa benchi la nyuma?

Tangu mwaka 2019 masomo ya msingi katika shule za serikali nchini mwetu ni ya bure, kama Katiba ya mwaka 2006 ilivyoagiza. Shule ambazo makanisa yetu yanasimamia kwa mkataba wa mwaka 1977 zimo pia. Mlango ulifunguliwa, watoto wakaingia. Lakini mtoto anaweza kuwa ndani ya darasa na bado akawa nje ya somo: yule aliyekimbia vita na kupoteza mwaka mzima, yule asiyesikia vizuri, yule asiyeelewa Kifaransa.

Kwa hiyo tunawahimiza ndugu walimu kuandika falsafa yao ya kufundisha. Jina ni kubwa, lakini kazi yenyewe ni ukurasa mmoja: ninaamini nini juu ya mtoto, na imani hiyo inanifanya nitende nini darasani? Maswali matatu yatatusaidia.

Kwanza, mtoto anajifunzaje? Tukimwona kama debe tupu, tutasema peke yetu toka asubuhi. Tukiamini kwamba amekuja na maarifa ya nyumbani, tutamwuliza kwanza. Mwaka 1963, huko Angicos nchini Brazili, mwalimu Paulo Freire alianza na maneno ya kazi na maisha ya wanafunzi wake. Watu wazima wapatao 300 walifundishwa kusoma kwa saa 40 hivi. Kwetu, hesabu inaweza kuanzia kwenye bei ya maharagi sokoni, ikielezwa kwa Kiswahili kabla ya Kifaransa.

Pili, nani anabaki nyuma? Asiyesikia vizuri akae mbele, nasi tusiseme tukiwa tumegeukia ubao. Aliyepoteza mwaka akae na mwenzake anayeweza kumweleza. Darasa la watoto 60 tuligawe katika vikundi vya watano watano. Tukikaa na vikundi vitatu kila siku, kwa siku nne tumewafikia wote.

Tatu, tutajuaje kwamba wameelewa? Tukiuliza, “Mmeelewa?”, darasa zima linajibu, “Ndiyo!”, hata wale ambao hawakuelewa. Afadhali kila mtoto aandike jibu lake kwenye kibao na kukiinua juu.

Tujihadhari na maneno mazuri yasiyo na kazi. Mwalimu akiandika “Kila mtoto anaweza kujifunza”, kisha akamwita mtoto mjinga mbele ya wenzake, ukurasa wake umesema uongo. Kila mwisho wa muhula tuusome tena, tufute sentensi ambayo hatukuitenda, au tuanze kuitenda.

Nanyi wazazi na wachungaji, mnapotembelea shule msiulize tu ni wangapi wamefaulu. Ulizeni pia: wale wa benchi la nyuma wanasaidiwaje? Mtoto huyo hatausoma ukurasa wa mwalimu. Ataujua siku atakapotoa jibu lisilo sahihi.