Buibui wa Mauani: Adui wa Nyuki au Mlinzi wa Shamba?

Mkulima wa upande wa Kamakis, karibu na Ruiru, atembeapo asubuhi kando ya uzio wa shamba lake, huenda akamwona nyuki ametulia juu ya ua la lantana, haruki wala hatikisiki. Akimgusa kwa kijiti, nyuki huanguka, mkavu kama ganda tupu. Chini ya ua yuko mwuaji: buibui mdogo, mweupe au wa manjano, ametandaza miguu ya mbele mfano wa kaa.

Buibui wa jamii hii, ambayo wataalamu huiita Thomisidae, hawafumi utando wa kunasia mawindo. Kazi yao ni kuvizia. Baadhi yao huweza kugeuza rangi, kutoka nyeupe hadi manjano, kwa muda wa siku kadhaa, ili wafanane na ua wanalokalia. Mdudu akitua, hukamatwa, hutiwa sumu, kisha hunyonywa. Mwaka 2003 wataalamu wa Australia walieleza ajabu kubwa zaidi. Buibui mmoja wa jamii hiyo hung'ara kwa nuru ambayo jicho la mwanadamu haliioni, lakini la nyuki huiona. Na nyuki wa asali walivutwa na ua lenye buibui kuliko lile lisilo naye.

Basi si ajabu mwenye mizinga akikasirika na kuchukua bomba la dawa. Nyuki ni mali. Humpatia asali, na hata mkahawa, ingawa waweza kuzaa bila msaada wake, huzaa vizuri zaidi maua yakizuriwa na nyuki. Lakini kabla ya kutoa hukumu, yafaa shahidi wa upande wa pili asikilizwe.

Mwaka 2018 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Zurich, Uswisi, walitangaza habari za mmea mmoja wa jamii ya haradali. Maua yake yaliposhambuliwa na wadudu, yalitoa harufu kwa wingi zaidi, na harufu hiyo hiyo iliwavuta nyuki na buibui pia. Ni kweli kwamba nyuki walipungua penye buibui. Lakini buibui waliwala wale wadudu waharibifu, na mmea ukafaidika. Kumbe buibui hutoza ushuru kwa nyuki, na kwa ushuru huo hulinda ua.

Kenya nayo ina mfano wake. Huko Mbita, kando ya Ziwa Victoria, kiko kituo cha shirika la utafiti wa wadudu, ICIPE, ambalo makao yake makuu yako Kasarani, safari fupi kutoka Kamakis. Wataalamu waliofanya kazi Mbita walieleza mwaka 2005 habari za buibui mrukaji aitwaye Evarcha culicivora, ambaye hupenda kumla mbu jike aliyeshiba damu, hasa mbu wa jamii ya Anopheles, aenezaye malaria. Baadaye ilionekana kwamba buibui huyo huvutwa na harufu ya lantana na ya mbarika, tena hunywa asali ya maua. Mtu akifyeka na kunyunyiza sumu ovyo, hajui amemfukuza rafiki gani.

Haya hayana maana kwamba lantana ipandwe. Mmea huo ulitoka Amerika ya joto, huenea upesi, na majani yake ni sumu kwa ng'ombe. Lakini Kamakis ya leo si ile ya mashamba makubwa ya kahawa. Nyumba na hoteli za nyama choma zimejaa kando ya barabara ya Eastern Bypass, na penye ploti nyingi, uzio wenye maua ndio makao yaliyobaki kwa wadudu wafaao.

Kwa hiyo mkulima asinyunyize dawa maua yakiwa yamechanua na nyuki wakiruka. Ikiwa ni lazima, angoje jioni, nyuki wamerudi mizingani. Na buibui waliokaa karibu mno na mizinga waondolewe kwa kijiti na kupelekwa kichaka cha mbali. Anyunyizaye sumu juu ya ua ili amwue buibui humwua na nyuki yule yule aliyekusudia kumwokoa.