Tiba ya sonona Garsen isingoje bingwa

Mtu wa Garsen anayezidiwa na sonona, ile huzuni nzito isiyomwachia usingizi, hamu ya chakula wala nguvu ya kwenda shambani, huambiwa atafute daktari wa magonjwa ya akili. Ushauri ni mzuri, ila madaktari hao wengi wako Nairobi na Mombasa, na Mto Tana ukifurika hata njia ya kutokea hukatika. Rai yangu ni kwamba Kaunti ya Tana River haina haja ya kusubiri bingwa ahamie Hola, makao makuu ya kaunti, ndipo tiba ianze. Ushahidi uko ng'ambo tu ya Ziwa Viktoria.

Mwaka 2003 Paul Bolton na wenzake walichapisha katika jarida la JAMA utafiti wa vijiji 30 vya Masaka na Rakai, Uganda, eneo lililoumizwa vibaya na Ukimwi. Tiba waliyoipima ilibuniwa Marekani na daktari wa akili Gerald Klerman pamoja na Myrna Weissman. Huitazama sonona kupitia mahusiano ya mgonjwa na watu wake: msiba, ugomvi, au mabadiliko yanayompokonya nafasi yake. Vijiji vya kupata tiba vilichaguliwa kwa bahati nasibu. Vikundi, wanaume mbali na wanawake mbali, vilikutana kila wiki kwa wiki 16, vikiongozwa na wenyeji wasio wataalamu wa akili, waliofunzwa wiki 2 tu. Kabla ya tiba, watu 86 katika kila 100 wa vikundi hivyo walikuwa na sonona kamili. Mwishoni walibaki kama 7. Katika vijiji visivyotibiwa idadi ilishuka kutoka 94 hadi 55. Hapo pana funzo: hata wasiotibiwa wengi walipata nafuu, kwa hiyo anayeisifu tiba yoyote kwa kuhesabu waliopona pekee hajatuambia kitu. Uzito wa utafiti huu uko katika pengo kati ya pande hizo mbili, nalo lilikuwa bado pana miezi 6 baadaye.

Kuna watakaosema mazungumzo hayarudishi ng'ombe. Ukame wa 2020 hadi 2023 ulimaliza mifugo mingi ya Waorma na Wawardei, mafuriko yakasomba mashamba ya Wapokomo, na kabla ya hayo mapigano kati ya jamii hizo ya 2012 na 2013 yaliua watu zaidi ya 100. Ni kweli, na serikali ikileta vikundi badala ya chakula itakuwa inawafanyia watu mzaha. Lakini Rakai nako umaskini haukuondoka, na bado waliotibiwa walizirudia kazi zao za kila siku kuliko wenzao. Mfugaji aliyepoteza kundi zima amepoteza pia heshima yake nyumbani, na mbuzi wa msaada hawamfai mtu asiyeweza kuamka kuwachunga.

Pingamizi linalonisumbua zaidi ni la siri na uhasama. Nani atafungua moyo mbele ya mtu ambaye jamaa zake anawashuku kwa damu ya 2012? Ningeanza na vikundi vya kijiji kimoja kimoja, bila haraka ya kuvifanya mabaraza ya amani. Hiyo ni kazi nyingine. Asiyetaka kikundi ana njia ya pili. Utafiti wa Richard Bryant na wenzake, uliochapishwa 2017, uliwahusu wanawake 421 wa Nairobi waliopitia ukatili wa kijinsia. Wahudumu wa afya wa jamii waliwapa baadhi yao vikao 5 vya ana kwa ana, na dhiki yao ikapungua kuliko ya wenzao, ingawa kwa kiasi cha wastani. Mwenye mawazo ya kujiua au anayesikia sauti zisizokuwepo apelekwe hospitali upesi, na kila mhudumu aujue mpaka huo tangu siku ya kwanza.

Zaidi ya hapo ni suala la majira. Wafugaji hushuka kwenye delta ya Mto Tana wakati wa kiangazi na kutawanyika mvua zikinyesha, hivyo wiki 16 ni nyingi mno kwao. Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa tiba hiyohiyo ya vikundi kwa vikao 8, ambavyo vikianza Januari vinaweza kwisha kabla ya masika. Fedha ziende kwanza kwa usimamizi, kwa sababu walioongoza vikundi Uganda hawakuachwa peke yao. Afya ni jukumu la kaunti tangu 2013, na muuguzi mmoja wa akili mwenye pikipiki na mafuta, anayewazungukia wahudumu hao kutoka Garsen hadi Ngao, ni ombi ambalo bajeti ya Hola inaweza kulijibu.