Masomo ya Kuchagua: Je, Ni Nani Achaguaye?

Shule yetu mwaka huu wa 2026 ni kama mji ulioruka kizazi. Tupo sisi wa kidato cha nne, wapo wa kidato cha tatu, kisha moja kwa moja gredi ya kumi. Kidato cha kwanza na cha pili hakuna. Wenzetu wa kidato cha tatu wataufanya mtihani wa KCSE mwaka wa 2027, na hao ndio watakaoufunga mlango ambao watahiniwa wa kwanza waliufungua mwaka wa 1989. Hata hivyo, kuna kitu mfumo wa zamani umeurithisha ule mpya, nacho ni masomo ya kuchagua. Wadogo zangu wa hapa mtaani Ayany wameniuliza habari zake mara nyingi mno, kila nikienda dukani mmoja ananishika shati, mpaka nikaona heri niyaandike haya katika jarida letu.

Kwanza nieleze yetu sisi wa 8-4-4. Mtahiniwa wa KCSE hufanya masomo yasiyopungua saba na yasiyozidi tisa. Kiingereza, Kiswahili na Hisabati hayana mjadala. Baada ya hayo ni angalau sayansi mbili kati ya Biolojia, Fizikia na Kemia, kisha somo moja kati ya Historia na Serikali, Jiografia na Dini, na jingine kutoka lile kundi kubwa lenye Kilimo, Biashara, Kompyuta, Sayansi-kimu, Kifaransa, Muziki, Umeme, Useremala na mengineyo. Wengi huongeza somo la nane kama akiba. Tangu KCSE ya 2023 gredi ya wastani huhesabiwa kwa Hisabati, lugha moja kati ya zile mbili, na masomo mengine matano uliyofanya vizuri zaidi. Basi ukiteleza katika moja, la akiba linakushika mkono.

Kwa karatasi ni tamu sana. Lakini hebu tuulize, ni nani hasa achaguaye? Orodha ya baraza la mitihani ni ndefu, lakini orodha ya shule ni fupi. Somo halifundishwi na karatasi bana, linataka mwalimu, chumba na vifaa. Shule ya Mang'u hufundisha mambo ya ndege, na mwanafunzi akayafanyia KCSE. Sisi huku ndege twaziona zikishuka tu. Ndiyo sababu Dini na Biashara hujaza madarasa katika shule za kutwa kama yetu. Masomo hayo hayadai maabara. Mwalimu akiwa na chaki na vitabu, kazi inaenda. Sisemi ni masomo mepesi, aliyewahi kukokotoa hesabu za Biashara anajua si mchezo. Nasema tu kwamba mara nyingi mwanafunzi hudhani amechagua, kumbe amechaguliwa na bajeti.

Kinachoniuma zaidi ni habari ya Fizikia. Wapo wanaoikimbia kama mtu aliyeona nyoka, hasa wasichana walioambiwa ati ni somo la wavulana. Sasa, anayetaka uhandisi chuo kikuu huulizwa Hisabati, Fizikia na Kemia. Anayetaka udaktari huulizwa Biolojia na Kemia. Mtu akiiacha Fizikia akiwa na miaka kumi na sita kwa sababu rafiki yake ameiacha, huwa amejifungia lango ambalo hata hajaliona. Hakuna anayempigia kengele siku hiyo. Hugundua miaka miwili baadaye, akiwa na gredi yake nzuri mkononi, anapojaza kozi za chuo.

Kilimo nacho huchekwa mno hapa kwetu. "Kilimo Kibera? Utalima wapi, juu ya mabati?" Wanaocheka hawajui mtaa wao. Baada ya ghasia za uchaguzi wa mwaka wa 2007, chakula kilipokuwa taabu, ukulima wa magunia ulienea sana Kibera. Gunia hujazwa udongo na samadi, katikati hupangwa mawe ili maji yapenye hadi chini, kisha ubavuni hutobolewa matundu na kila tundu likapandwa mche wa sukuma wiki au mchicha. Gunia moja hukaa mlangoni na kulisha jikoni. Mtihani wa Kilimo una mradi wa kulima, mwanafunzi anaotesha zao aliloagizwa na kuandika kila alichofanya. Mtoto aliyemsaidia mama yake kumwagilia gunia tangu utotoni huenda kwenye mradi huo akiwa na mazoezi ambayo wengine hawana. Sayansi-kimu nayo ni hivyo hivyo. Mtahiniwa hupika na hushona nguo akikodolewa macho na msimamizi. Nenda soko la Toi umtazame fundi wa cherehani akiigeuza suruali ya mtumba ikamkaa mteja sawasawa, halafu uniambie kama huo si ujuzi wa darasani.

Turudi kwa hawa wa gredi ya kumi. Wao hawana makundi kama yetu, wana mikondo mitatu: Sayansi, Teknolojia, Uhandisi na Hisabati, ambao wote huuita STEM, Sayansi za Jamii, na Sanaa na Michezo. Kiingereza na Kiswahili, au Lugha ya Ishara, ni lazima, na mwaka wa 2025 serikali ilikubali Hisabati iwe ya wote, ila walio nje ya STEM wafanye ile iliyopunguzwa makali. Kisha kila mmoja ana masomo matatu tu ya kuchagua. Matatu! Sisi tuliweza kuchanganya Fizikia na Historia na Biashara, na mtu akabadili nia njiani. Wao huchagua wakiwa gredi ya tisa, kabla hata ya kuingia katika shule watakayosomea, na si kila shule ina mikondo yote mitatu. Naona huu ni mzigo mzito kwa mtoto wa miaka kumi na minne, hasa ambaye nyumbani hana mtu wa kumuuliza.

Kwa hiyo ewe mdogo wangu wa gredi ya tisa, usianze na swali la "somo gani rahisi". Anza na shule unayoitaka: mwalimu wa somo hilo yupo, au ni jina tu kwenye fomu? Maabara ina vifaa, au ni chumba chenye mabomba makavu? Waulize wanaosoma huko sasa, hao hawafichi kitu. Kisha uliza kozi unayoiota hudai masomo gani.

Nasi wanachama tuna letu. Katika mkondo wa Sayansi za Jamii limo somo la Fasihi ya Kiswahili, limesimama peke yake, si kama sisi tulioisoma fasihi ndani ya karatasi ya tatu. Wanaolitaka gredi ya kumi waje Ijumaa kwenye mkutano waandike majina. Ratiba ikipangwa, jambo la kwanza litakaloulizwa ni hesabu ya wanafunzi.