KAJAGA: NANI ATUNZA DAFTARI LA ZIWA?

Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Askari hana haja ya kufundishwa methali hiyo. Kila asubuhi risasi za ghalani huhesabiwa, namba za bunduki husomwa, na aliye zamuni huandika katika kitabu cha matukio yale aliyoyaona, saa aliyoyaona na mahali alipoyaona. Ikipungua risasi moja, hakuna alalaye. Lakini ipo mali iliyo kubwa kuliko ghala lolote, ambayo kwa miaka mingi haikuwa na wa kuitunzia daftari. Mali hiyo ni maji, ardhi na jasho la watu, ambavyo kila kampuni huvitumia ili ipate faida.

Atokaye Bujumbura kwa barabara ya Gatumba iendayo mpaka wa Kongo hupita Kajaga. Upande wake wa kushoto hoteli, mabaa na majumba ya fahari yamejipanga kulielekea Ziwa Tanganyika. Hapo watu hupunga upepo na kula mukeke wa kuchoma. Mbele kidogo, Mto Rusizi utokao Ziwa Kivu humwaga maji yake ziwani. Mwezi Aprili 2020 mto huo ulifurika ukaizamisha Gatumba, na maelfu ya watu wakakosa makao. Mwaka 2024, baada ya mvua za miezi mingi, ziwa lenyewe lilipanda, likaingia katika nyumba na biashara za ufukweni. Penye starehe pakawa pa kuhama.

HESABU YA PANDE MBILI

Haitakuwa haki kusema kwamba wenye hoteli ndio walioileta mvua. Ziwa hili hupokea maji ya mito mingi, lakini mto ulitoao maji ni mmoja tu, Lukuga, upitao Kalemie nchini Kongo. Yaliyobaki huondoka kwa kugeuka mvuke. Mvua ikizidi, ziwa halina budi kupanda. Hata hivyo, Sheria ya Maji ya Burundi ya mwaka 2012 iliweka ukanda wa hifadhi wa mita 150 kutoka ufukweni. Kwa hiyo swali la kumwuliza mwenye biashara ni la pande mbili. Kwanza: biashara yako inalifanyia nini ziwa? Pili: ziwa laweza kuifanyia nini biashara yako?

Maswali hayo mawili ndiyo kiini cha elimu iitwayo leo utoaji wa taarifa za maendeleo endelevu. Swali la kwanza ndilo linaloshughulikiwa na taratibu za shirika la Global Reporting Initiative, lililoanzishwa mwaka 1997 katika mji wa Boston, Marekani. La pili huulizwa zaidi na kanuni za utoaji wa taarifa zilizotolewa Juni 2023, ambazo humtaka mwenye kampuni awaeleze wenye mitaji hatari zinazoikabili. Nchi za Ulaya ziliamua mwaka 2022 kwamba kampuni kubwa zijibu yote mawili. Hapa Afrika Mashariki, Soko la Hisa la Nairobi lilitoa mwongozo wake Novemba 2021.

Umoja wa Mataifa nao, ulipopitisha malengo 17 ya maendeleo mwaka 2015, ulizitaka nchi zizihimize kampuni kutoa taarifa za namna hiyo. Mwaka 2019 shirika lake la biashara na maendeleo, UNCTAD, lilitoa orodha ya vipimo 33. Vipo vya uchumi, kama kodi iliyolipwa na manunuzi yaliyofanywa nchini; vya mazingira, kama maji, taka na nishati; vya jamii, kama ajali kazini na saa za mafunzo; na vya uongozi, kama faini zilizotozwa kwa ajili ya rushwa.

NAMNA YA KUPIMA

Tuchukue mfano wa hoteli mbili za kubuni. Ya kwanza hutumia lita 30,000 za maji kwa siku, nayo ina wageni 60. Ya pili hutumia lita 20,000 kwa wageni 25. Mtazamaji wa haraka ataisifu ya pili. Lakini tukigawanya, ya kwanza hutumia lita 500 kwa kila mgeni, na ya pili lita 800. Ya pili ndiyo yenye ubadhirifu. Hata hivyo, ziwa halijui kugawanya. Hupokea maji machafu yote yanayomwagwa. Kwa sababu hiyo taarifa njema huandika hesabu zote mbili: jumla, na kiasi kwa kila mgeni. Hutaja pia mwaka uliotangulia, ili ijulikane kama kuna nafuu au la.

Ipo taarifa ya aina nyingine, nayo ni ya kuogopwa. Kampuni hutangaza: “Tumepanda miti 1,000.” Picha hupigwa, makofi hupigwa. Mwaka ukiisha, hapana arudiye kuhesabu mingapi imesimama na mingapi imekauka. Huyo hana tofauti na mlinzi aandikaye “hali shwari” bila kutoka kibandani mwake. Kitabu kimejaa wino, lakini uzio umekatwa. Ndiyo maana taarifa huhitaji mkaguzi asiyelipwa kwa kusifu, na kila tarakimu iwe na mahali inapoweza kuhakikishwa.

YATUHUSU NINI?

Askari ataweza kusema kwamba hayo ni mambo ya wahasibu. Sivyo. Maji yanapoingia majumbani, ni sisi tunaoamshwa usiku kuwatoa watoto na wazee. Amri ya mwaka 2018 ya kupiga marufuku mifuko ya plastiki, ambayo utekelezaji wake ulianza mwaka 2020, haikuweza kusimama kwa karatasi peke yake. Na askari wa doria ya usiku ndiye wa kwanza kuliona bomba lililofukiwa mchangani likitiririsha uchafu ziwani. Akiandika saa, mahali na rangi ya maji yale, amempa mkaguzi ushahidi ambao mwenye kampuni hataweza kuukana. Akinyamaza kwa ajili ya soda ya baridi, ameifuta tarakimu moja katika daftari la taifa.

Mvuvi wa ndagala hana mhasibu. Daftari lake ni wavu wake: jioni huushusha, alfajiri huupandisha, naye hujua mara moja kama kuna aliyekula mali yake. Haki yake ni kwamba wenye mahesabu makubwa waandike waziwazi kile walichokichukua katika maji yaleyale, kabla wavu haujapanda mtupu.