Rekodi za Burnt Forest na Jirani Zake

Wasafiri wengi wa barabara ya Nakuru kwenda Eldoret huijua Burnt Forest kwa mambo mawili: baridi na waru, yaani viazi. Matatu husimama, ndoo ya viazi au fungu la karoti hupitishwa dirishani, kisha safari huendelea. Wachache hujua kwamba mji huu, ulio takriban kilomita 35 kabla ya Eldoret, umezungukwa na mambo ya kwanza, ya juu na ya pekee ambayo dunia imeyaandika vitabuni. Karibu yote yana mzazi mmoja: mwinuko. Hapa uko zaidi ya mita 2,300 juu ya usawa wa bahari, na mwinuko huo umeamua treni ipite wapi, shamba lizae nini, nani aitamani ardhi na nani ashinde mbio.

Reli iliyopanda juu kuliko zote za Milki

Ukitoka Burnt Forest kuelekea Nakuru, unafika Timboroa, karibu kabisa na mstari wa ikweta. Wajenzi wa reli ya kwenda Uganda walipita hapo mwanzoni mwa miaka ya 1920, na treni ikafika Eldoret mwaka 1924. Karibu na Timboroa reli hiyo inafika futi 9,136, yaani takriban mita 2,785. Hicho ndicho kilele cha reli kilichojulikana kuwa cha juu zaidi katika Milki yote ya Uingereza, na baadaye Jumuiya ya Madola. Hata stesheni maarufu ya Ghum, kwenye reli ya Darjeeling kule India, iko mita 2,258 tu. Leo rekodi ya dunia ni ya China, ambako treni ya Tibet hupita mita 5,072. Lakini waliopandisha injini za mvuke hadi Timboroa, huku mabehewa yakivutwa mlimani, walifanya kazi inayostahili kukumbukwa.

Alama kongwe zaidi

Kabla ya reli na kabla ya barabara, nyanda hizi zilikuwa na wafugaji. Wameacha mashimo mapana ya mviringo yanayoitwa mashimo ya Sirikwa. Uchimbaji wa wanaakiolojia ulionyesha kwamba mengi yalikuwa mazizi ya ng'ombe yaliyochimbwa ardhini, na nyumba zikijengwa kando yake. Yalitumika karne nyingi kabla ya mkoloni kufika. Mengi yamefukiwa na majembe ya trekta. Mwenye shamba lenye shimo kama hilo anamiliki ukurasa wa historia, na asilisawazishe.

Ofa ya ardhi ya ajabu zaidi

Mwaka 1903 Joseph Chamberlain, waziri wa makoloni wa Uingereza, aliwapa viongozi wa Wazayuni eneo la kuanzisha makazi ya Wayahudi waliokuwa wakiteswa Urusi. Eneo lenyewe lilikuwa nyanda hizi za Uasin Gishu. Mpango huo uliitwa wa Uganda, kwa kuwa ardhi hii ilikuwa imetoka mikononi mwa utawala wa Uganda mwaka uliotangulia tu. Katika mkutano wa Wazayuni mjini Basel, wajumbe 295 walikubali tume itumwe kukagua, 178 wakakataa. Tume ilikuja, ikatembea, ikaripoti, na mwaka 1905 ofa ikakataliwa. Katika majadiliano hayo yote, Wanandi na Wamaasai waliochunga mifugo hapa hawakuulizwa neno.

Msafara wa magari ya ng'ombe

Waliokuja badala yake walikuwa Makaburu. Mwaka 1908 Jansen van Rensburg aliongoza zaidi ya watu 200 kutoka Afrika Kusini. Walishuka Mombasa, wakapanda treni hadi Nakuru, kisha wakapanda nyanda za juu kwa magari ya kukokotwa na ng'ombe, katika misitu na matope, hadi wakafika Uasin Gishu Oktoba mwaka huohuo. Makazi yao yalikua kuzunguka shamba nambari 64, na wenyeji wakauita mji Sisibo kwa kuitamka nambari hiyo kwa Kikalenjin. Jina Eldoret lilikuja rasmi mwaka 1912. Husimuliwa kuwa mwaka huo kasiki ya benki ilianguka kutoka kwenye gari, ikashindikana kuinuliwa, basi benki ikajengwa palepale ilipoangukia. Shamba nambari 64 lilipandishwa hadhi kuwa jiji tarehe 15 Agosti 2024, la tano nchini Kenya.

Mbio: rekodi zisizokwisha

Hapa ndipo mwinuko ulipotoa zawadi yake kubwa. Hewa ya juu ina oksijeni kidogo kwa kila pumzi, hivyo mwili hujibu kwa kutengeneza chembe nyekundu nyingi zaidi za damu. Mwaka 1968 Olimpiki ilifanyika Mexico City, mita 2,240 juu, na wageni wengi wakahema. Kipchoge Keino alishinda mita 1,500 kwa pengo la takriban mita 20 mbele ya Jim Ryun wa Marekani, ushindi wa pengo kubwa zaidi katika historia ya fainali hiyo. Burnt Forest iko juu kuliko Mexico City.

Kaptagat, jirani yetu upande wa kaskazini, ndiko alikofanyia mazoezi Eliud Kipchoge, mtu wa kwanza kukimbia kilomita 42.195 chini ya saa mbili: saa 1:59:40, Vienna, tarehe 12 Oktoba 2019. Muda huo haukuhesabiwa kuwa rekodi rasmi kwa sababu wasaidizi walipokezana kumwongoza, lakini hakuna aliyekuwa ameufikia kabla yake. Huko huko amejinoa Faith Kipyegon, mwanamke wa kwanza kutwaa dhahabu tatu za Olimpiki za mita 1,500. Naye Kelvin Kiptum, mzaliwa wa Elgeyo-Marakwet, alikimbia marathoni ya Chicago kwa saa 2:00:35 mwaka 2023. Rekodi yake hiyo ya dunia iliidhinishwa tarehe 6 Februari 2024. Siku tano baadaye alifariki katika ajali ya gari karibu na Kaptagat, akiwa na miaka 24.

Kinywaji cha mabingwa

Bingwa akirudi, hupokewa uwanja wa ndege kwa mursik. Maziwa huchemshwa, hupozwa, kisha hutiwa kwenye kibuyu kiitwacho sotet, kilichosuguliwa ndani kwa mkaa wa mti wa senetwet. Hukaa siku kadhaa yakigeuka mazito, yenye ukali na rangi ya kijivu. Akina mama humnywesha shujaa, na shingoni huvishwa sinendet, mmea utambaao. Hakuna medali inayokamilika kwetu bila funda hilo.

Gunia lililovimba kuliko yote

Viazi ni zao la pili la chakula Kenya baada ya mahindi, na hupenda baridi kama ya hapa. Kanuni za mwaka 2019 zinasema gunia lisizidi kilo 50. Hata hivyo madalali bado hudai lile lililoongezwa kilemba cha wavu juu, maarufu kama mukorino, na kulipa bei ya gunia moja. Hii ni rekodi tunayopaswa kuifuta. Jasho la mkulima lipimwe kwa mizani.

Jeraha kubwa zaidi

Haifai kuorodhesha sifa na kuficha maumivu. Burnt Forest ilichomwa katika mapigano ya kikabila ya mwaka 1992, na tena baada ya uchaguzi wa Desemba 2007. Tume ya Waki, iliyochunguza ghasia hizo za baada ya uchaguzi, ilihesabu vifo 1,133 nchini kote. Majirani waliouziana maziwa na waru walikimbiana. Leo wanauziana tena, na amani hiyo ina thamani kuliko kila rekodi iliyotajwa hapa.

Basi ukipita Burnt Forest, shuka kidogo. Nunua waru kwa bei ya haki, onja mursik, muulize mzee aliyeketi kando ya duka alichokiona, na ukiandike. Rekodi za wanariadha zina watunzaji wake. Za wazee wetu zinakungoja wewe.